Ukaribu na Ujuzi: Mafunzo ya Wahudumu wa Afya ya Mama na Mtoto katika Bonde la Mbwemkuru, Nachingwea na Ruangwa, 1949–2024

1.0 Utangulizi

Historia ya huduma za uzazi nchini Tanzania imezoeleka kuelezwa kwa idadi ya zahanati zilizojengwa na viwango vya vifo. Makala haya yanachunguza swali lililo nyuma ya takwimu hizo: ni nani alistahili kufundishwa, kwa muda gani na kwa lugha gani, ili mama anayejifungua kijijini apate msaada. Eneo linalohusika ni nchi ya bonde la mto Mbwemkuru mkoani Lindi, yaani wilaya za Nachingwea na Ruangwa, ambako Wamwera ndio wenyeji wengi. Ruangwa ilipata hadhi ya wilaya katikati ya miaka ya 1990, kwa hiyo historia yake ya awali haiwezi kutenganishwa na ile ya wilaya jirani.

Hoja inayojengwa ni kwamba mipango ya serikali imeyumba kati ya malengo mawili. La kwanza ni kumweka mhudumu karibu na mama. La pili ni kumpa mhudumu huyo ujuzi wa kutosha pale uzazi unapoharibika. Kila lengo moja lilipopewa uzito, jingine lilidhoofika.

2.0 Misheni na Wakunga wa Jadi

Katika kipindi cha ukoloni wa Waingereza, sehemu kubwa ya huduma za wajawazito na watoto wachanga kusini-mashariki mwa Tanganyika iliachwa mikononi mwa misheni. Waanglikana walikuwa Masasi na Lulindi, na Wabenediktini walikuwa Ndanda. Upande wa Nachingwea, hospitali ya misheni ya Mnero ilipata daktari wa upasuaji mwaka 1949, Leader Stirling alipohamia hapo akitokea Lulindi. Alikaa Mnero hadi 1964, akitibu na wakati huohuo akiwafundisha wazawa kazi ya uuguzi. Uzoefu huo una uzito katika historia hii, kwa kuwa Stirling ndiye aliyekuwa Waziri wa Afya kati ya 1975 na 1980, wakati mafunzo ya kada mpya ya uzazi yalipokuwa yakipanuliwa.

Hata hivyo, wanawake wengi hawakuzalia Mnero. Walizalia nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi. Miongoni mwa Wamwera, maarifa ya uzazi yaliambatana na unyago na kuhifadhiwa na wanawake wenye umri, waliokwisha kuzaa na kulea. Mamlaka ya mkunga yalitokana na maisha yake, nayo hayakuhitaji cheti. Mpango wowote wa serikali ulilazimika kukutana na mamlaka hayo.

3.0 Kada ya Miaka ya 1970

Azimio la Arusha la 1967 lilielekeza rasilimali vijijini, na uhamishaji wa watu katika vijiji vya pamoja ukaongeza haja ya kuwa na mhudumu katika kila zahanati. Madaktari na wauguzi waliosajiliwa walikuwa wachache mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilianzisha kada ya wahudumu wa afya ya mama na mtoto. Walichaguliwa wasichana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kwa miezi 18. Kwa msaada wa Marekani ulipangwa mtandao wa vyuo 18 mikoani. Mhudumu alitarajiwa kupima wajawazito, kuzalisha uzazi wa kawaida, kupima uzito wa watoto, kutoa chanjo, kushauri kuhusu uzazi wa mpango na kutambua dalili zinazodai rufaa.

Uteuzi wa darasa la saba haukuwa tu njia ya kubana matumizi. Ulikuwa uamuzi wa kijamii. Kiswahili, lugha ya elimu ya msingi, kiliwezesha msichana asiye na elimu ya sekondari kupata taaluma, na kilimwezesha kuzungumza na mama kwa maneno yaleyale aliyofundishiwa. Aidha, ilidhaniwa kwamba aliyetoka kijijini angekubali kuishi kijijini.

Udhaifu ulijitokeza katika sehemu mbili. Kwanza, msichana ambaye hajazaa alitakiwa kuwaelekeza wanawake waliomzidi umri katika jambo ambalo jamii ilimhesabu kuwa bado mwanafunzi. Pili, miezi 18 haikumwezesha kufanya upasuaji wala kuongeza damu. Mama aliyevuja damu alihitaji gari, barabara na hospitali. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea ilifungwa mwaka 1962, na masika yalikata njia za udongo. Dalili ya hatari iliyotambuliwa bila usafiri haikuokoa maisha.

4.0 Kusitishwa kwa Ajira na Kupandishwa kwa Daraja

Marekebisho ya uchumi yalileta usitishaji wa ajira serikalini kuanzia 1993. Wakati huohuo wahudumu wa kada ya zamani walianza kupandishwa daraja kuwa wauguzi wa afya ya jamii, na mafunzo yakaelekea kwenye cheti na stashahada za uuguzi na ukunga kwa waliopita sekondari. Ujuzi uliongezeka. Lakini mwenye cheti kinachotambuliwa nchi nzima anaweza kuomba kazi popote, na mikoa ya kusini, iliyokuwa ikitengwa na mafuriko ya Rufiji hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2003, haikuwa chaguo la wengi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007–2017 ulilenga zahanati kwa kila kijiji. Jengo lilikuwa rahisi kupatikana kuliko mkunga wa kukaa ndani yake.

Tafiti za kitaifa za demografia na afya zilikadiria vifo vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 kuwa 578 mwaka 2004–05, 454 mwaka 2010, 556 mwaka 2015–16 na 104 mwaka 2022. Katika kipindi cha 2010 hadi 2022, waliozalia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka nusu hivi hadi takriban asilimia 81.

5.0 Hitimisho

Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wenye mafunzo mafupi na wanaotoka katika jamii wanazohudumia. Wazo la miaka ya 1970 limerudi kwa jina jipya. Tofauti ni kwamba mhudumu wa sasa hatarajiwi kuzalisha, bali kumwongoza mama hadi kwa mkunga aliyesomea. Mgawanyo huo wa kazi unajibu sehemu ya tatizo lililoonekana Nachingwea na Ruangwa. Sehemu iliyobaki si ya darasani: ni nyumba ya mkunga, mshahara unaofika kwa wakati, na gari la wagonjwa linaloweza kupita masika. Historia ya bonde la Mbwemkuru inaonesha kwamba mafunzo yaliyotenganishwa na mambo hayo yalizalisha wahitimu kwa wepesi kuliko yalivyozalisha huduma.