Kuchagua kioo cha kulengea kwa apareyi ya picha ya zamani

Kioo cha kulengea ni kipande kidogo cha plastiki ao kioo ndani ya apareyi ya pelikuli. Picha inayopita kwenye lenzi inaonekana juu yake, na ni pale mpiga picha anajua kama sura ya mtu iko wazi ao hapana. Kisipofaa, jicho linadanganywa: pelikuli ya picha 36 inaisha, na makosa yanaonekana tu kisha kuisafisha. Harusi haitarudiliwa.

Je, lazima kukibadilisha?

Vumbi la kwenye kioo hiki haliingii kwenye picha. Wakati wa kupiga, kioo cha chini kinainuka na mwanga unaenda moja kwa moja kwenye pelikuli. Lakini katika pori la Walikale unyevu unaleta kuvu. Ikifunika katikati, kulenga kunakuwa kugumu, na hapo inafaa kubadilisha.

Kila apareyi na chake

Kwa Olympus OM-1 na Nikon FM2, mwenyewe anakitoa kupitia mahali pa lenzi. Canon AE-1 ya mwaka 1976 na Pentax K1000 zinaomba fundi. Canon AE-1 Program ya 1981 haiombi fundi. Kioo cha modeli ingine, hata kikiingia, kinaweza kuwa na unene tofauti; tofauti ndogo sana inatosha kuharibu picha.

Aina tatu

- Chenye duara iliyokatwa katikati: nusu mbili zikiungana, picha iko wazi. Ni rahisi kwa sura za watu. Lakini kwa lenzi isiyofunguka zaidi ya f/5.6, nusu moja inakuwa nyeusi.
- Kitupu: kinafaa kwa lenzi ndefu na vitu vya karibu.
- Chenye mistari: kinasaidia nyumba na makundi ya watu yasilale upande.

Kwa mwenye lenzi ya milimita 50 na anapiga sherehe ndani ya nyumba, aina ya kwanza ndiyo nzuri.

Kukiweka na kukijaribu

Hapana kukigusa na vidole wala kukipangusa na alkoli. Plastiki inakwaruzika haraka. Tumia pensi, ukishika pembeni tu.

Mbele ya kuingiza pelikuli, ngojea ukungu wa asubuhi uondoke kwenye milima ya Masisi. Zungusha lenzi mpaka alama ya mbali kabisa, kisha tazama mlima wa mbali. Ukionekana wazi, kioo kimekaa vizuri. Ukionekana na giza-giza, kitoe, angalia kama hakikugeuzwa juu chini, na ujaribu tena. Kile cha zamani usikitupe mpaka jaribio hilo lifaulu.