Mjumbe wa Ufaransa Hana Karo

Mara ya kwanza kuwa na kura ya turufu, nilikuwa na shilingi mia mbili mfukoni. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, suti ya mtumba mwilini, na mezani mbele yangu bango limeandikwa UFARANSA. Tulikuwa tukiigiza Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

Mchezo wenyewe tunauita MUN. Unapewa nchi, unasoma msimamo wake, halafu siku mbili tatu unabishana, unasaka marafiki kwenye korido na kuandika maazimio. Sheria moja ilinichekesha: hakuna kusema "mimi". Ni "mjumbe wa Ufaransa anaona..." Basi mjumbe wa Ufaransa akaliangusha azimio moja kwa turufu, na ukumbi mzima ukaguna kana kwamba nimekata stima ya mtaa.

Mchezo huu una umri kuliko Umoja wa Mataifa wenyewe. Mwaka wa 1927, wanafunzi walikutana Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kuigiza Shirikisho la Mataifa la kule Geneva. Cha ajabu ni kwamba Marekani haikuwa mwanachama. Rais wao Woodrow Wilson ndiye aliyelipigia debe shirikisho hilo, lakini Seneti ikalikataa. Kwa hivyo vijana wale walikalia viti ambavyo nchi yao ilikuwa imevisusia.

Sasa rudi Nairobi miaka hiyohiyo. Huku pia kulikuwa na maigizo, ila hakuna aliyeyaita hivyo. Baraza la Kutunga Sheria la koloni lilianza kuketi 1907, bila Mwafrika hata mmoja. Mwaka wa 1922 Harry Thuku alisimama kusema juu ya kodi, kipande na kazi za lazima. Akakamatwa, umati uliokuja kumdai ukapigwa risasi, naye akapelekwa uhamishoni Kismayu. Miaka miwili baadaye serikali ikapata dawa yake: ikamteua mmishenari, Mzungu, aketi barazani kwa niaba ya Waafrika. Yaani tulikuwa na bango letu, lakini aliyelishika ni mwingine. Ni 1944 ndipo Eliud Mathu alipoingia, Mwafrika wa kwanza kwenye baraza hilo, naye pia kwa kuteuliwa.

Historia hii niliisoma baadaye, nikiwa nyumbani. Wiki chache baada ya turufu yangu, chuo kiliamua kwamba mwenye deni la karo hapati kadi ya mtihani. Kwenye kikao kilichopitisha hilo, tuliambiwa, wanafunzi waliwakilishwa. Huyo mwakilishi sikumjua, na yeye hakunijua. Nilipanga foleni ofisini, nikaeleza kuhusu mama na kibanda chake cha mboga kilichobomolewa. Karani alinisikiliza kwa heshima kabisa. Kisha akaita, "Next." Sikurudi tena chuoni.

Siuchukii mchezo. Ndio ulionifundisha kusoma waraka hadi mwisho, kusimama mbele za watu, na kumtetea mtu nisiyekubaliana naye. Hizo ndizo kazi zinazonilipia nyumba sasa. Lakini pia ulinizoesha kuamini kwamba kumsemea mtu na kumsikiliza ni kitu kimoja. Siku nzima tulijadili wakimbizi, na hakuna aliyewahi kumuuliza mkimbizi swali, ilhali Nairobi hii tunapanda nao matatu.

Juzi binamu yangu wa kidato cha tatu alinipigia simu akilalamika. Amepewa Kenya. Alitaka Marekani.

"Kenya haina turufu," akasema.

Nikamsimulia kuhusu Thuku, mmishenari na Mathu. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hivyo niseme nini?"

Nikamwambia asome msimamo wa serikali vizuri, aushike wote. Halafu mara moja tu, hata wakimpigia kengele, aivunje ile sheria. Aseme "mimi".