Samadi na Ngitili

Neno samadi liliingia katika Kiswahili kwa lango la bahari, kutoka Kiarabu. Uzito wake, hata hivyo, hupimwa vyema zaidi bara, katika nchi kama Sola, mkoani Simiyu, ambako ng'ombe ni mali, mahari na heshima.

Sehemu kubwa ya Simiyu ilimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na historia ya ardhi yake ni ile ya Usukuma. Tangu miaka ya 1920 miti ilifyekwa kwa wingi ili kumfukuza mbung'o. Kisha pamba nayo ikadai mashamba. Hasara ilibisha hodi jikoni. Kuni zilipoadimika, akina mama walikoka moto kwa mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba. Chakula cha udongo kikawa moshi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima kutia samadi mashambani na kupunguza mifugo. Amri hizo zilichukiwa, chuki ikaungana na madai ya uhuru, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha zikawa zimekosa nguvu. Msukuma hakuikataa samadi, aliikataa fimbo.

Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ulizaa matunda ulipoegemea desturi ya wenyeji: ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi, majani yanapokauka kwingineko. Visiki vilivyodhaniwa kufa vikachipua. Kuni zikapatikana karibu, na ndege waliotoweka wakarejea. Mwaka 2002 mpango huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hapo ndipo samadi inapopata nafasi ya kurudi shambani. Mavi ya zizini huchanganywa na majani makavu, mabua na jivu kidogo, hurundikwa kivulini, hunyunyiziwa maji, hufunikwa na kugeuzwa mara kwa mara. Rundo hupata joto, kisha hupoa. Likinukia kama udongo baada ya mvua, limeiva. Minyoo huingia, na ndege huifuata.

Lakini kazi hiyo yote huanzia mbali na rundo. Panapokosekana kuni, samadi huliwa na moto. Anayetaka bustani yenye rutuba na sauti za ndege, na autunze kwanza mti.