Dola bila mfalme: Funzo la Wameru na Waembu

Mwanafunzi wa historia akiulizwa ataje dola za Afrika za mwishoni mwa Enzi za Kati, atakimbilia Mali ya Mansa Musa, aliyehiji Makka mwaka 1324, na Kilwa, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Mwulize basi kuhusu miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Atakwambia, "Huko hakukuwa na serikali." Kauli hii, wasomaji wapenzi, yafaa ipigwe msasa, na tuanze na lugha yenyewe.

Istilahi zetu nyingi za utawala zilikuja kwa jahazi. 'Dola' na 'sultani' ni za Kiarabu. 'Serikali' ina asili ya Kiajemi, wala si 'siri kali' kama wanavyodai watani. 'Ustaarabu' nalo, kwa asili yake, ni kufuata mwenendo wa Waarabu. Maneno haya yamezoea ikulu, kodi na sarafu, kama zile za shaba zilizotengenezwa Kilwa. Tukiyafanya mizani ya kupimia kila jamii, isiyo na ikulu itaonekana nyepesi tu.

Sasa tupande mlimani. Masimulizi ya Wameru yanasema walitoka Mbwaa, pwani, walikotawaliwa kimabavu na Nguo Ntuni, yaani watu wa nguo nyekundu. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman alipahusisha mahali hapo na kisiwa cha Manda, Lamu. Wapo wanaoyatilia shaka masimulizi hayo, hasa kisa cha kuvuka maji, kwa jinsi kinavyofanana na cha Musa. Waembu nao huanzia kwa Mwene Ndega, ambaye msitu wake mtakatifu uko karibu na Runyenjes. Ukweli wa safari uwe upi, jamii hizi mbili hazikujiwekea mfalme.

Waliweka nini basi? Kwanza, kiama. Jamani, msishtuke! Hiki si kile kiama cha ufufuo, ambacho ni neno la Kiarabu. Ni baraza la wazee. Maneno yamegongana sauti tu. Juu ya mabaraza ya Wameru iko Njuri Ncheke, iliyotunga sheria, ikaamua kesi na kutoza faini za mifugo. Pili, kulikuwa na Mugwe, kiongozi wa kiroho aliyechunguzwa na Bernardo Bernardi katika kitabu cha mwaka 1959. Mkono wake wa kushoto ndio uliobariki. Ila hakuwa na jeshi. Baraka zilikaa kwake, hukumu zikakaa barazani.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, walipokezana madaraka. Wameru waligawanyika Kiruka na Ntiba. Waembu, Nyangi na Kimanthi. Upande mmoja ukishika hatamu, wa pili ulingoja zamu. Zamu ilipofika, mamlaka yalikabidhiwa kwa sherehe: ntuiko kwa Wameru, nduiko kwa Waembu. Wazee waliondoka madarakani wangali hai, watu wakishuhudia. Linganisha na Kilwa: Vasco da Gama alipofika mwaka 1502, alimkuta Amiri Ibrahim, ambaye alikuwa amenyakua utawala.

Suala hili si la makavazi. Njuri Ncheke ingali inasuluhisha migogoro, na Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinatambua njia za jadi za usuluhishi. Mtoto anayefunzwa kwamba mababu zake hawakuwa na serikali ataiona demokrasia kuwa nguo ya kuazima, na cha kuazima, tunajua, hakisitiri matako.

Kiswahili chenyewe kimeshatuonyesha njia. Neno 'kung'atuka' limetoka Kizanaki, lugha ya mama ya Mwalimu Nyerere, likaenea alipoachia urais mwaka 1985. Kamusi zimelipokea bila kinyongo. Kama Wazanaki walitupa neno la kuondoka madarakani kwa hiari, Waembu wanalo la kukabidhiana kwa zamu. Waundaji istilahi, 'nduiko' mtaiacha nje hadi lini?