Samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika: Namna ya kuwafuga nyumbani bila kuwaua

Na Mwandishi Wetu

KATIKA Ziwa Tanganyika, ambamo kuhe hukua hadi kufikia takriban sentimita 80, anaishi samaki mwingine wa jamii hiyo hiyo ambaye jike, hata akikomaa, huwa na urefu wa sentimita 3 tu hivi. Dume lake hufikia sentimita 4 hadi 5. Wataalamu humwita Neolamprologus multifasciatus, na wafugaji wamemfupishia jina wakamwita multi. Ni mwembamba, ana mistari mingi ya kahawia iliyoshuka ubavuni, na macho yake ni makubwa kupita umbo lake.

Samaki huyu ni wa jamii ya sikilidi, yaani ile ya sato, perege na furu. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 250 za jamii hiyo, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Miongoni mwake zimo aina kadhaa ndogo zilizochagua makazi ya ajabu: magamba matupu ya konokono aitwaye Neothauma. Maji ya ziwa hilo yana madini mengi ya chokaa, hivyo gamba la konokono aliyekufa haliozi upesi. Magamba hayo hurundikana chini ya ziwa, na mengine yamebainika kuwa na umri unaozidi miaka 1,000. Multi hulala humo, hutaga humo, na hukimbilia humo adui anapotokea.

Samaki hai wa Tanganyika wamekuwa wakisafirishwa kwenda ng'ambo kwa miongo mingi. Pierre Brichard alikuwa akifanya biashara hiyo nchini Burundi katika miaka ya 1970, na Kigoma nako wamevuliwa na kupelekwa nje. Matokeo yake ni kwamba mtu anayetaka kusoma juu ya ufugaji wa samaki hao atakuta maandishi mengi ya Kijerumani na Kiingereza, na machache mno ya Kiswahili.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua samaki 7 wa aina hiyo pamoja na tangi jipya, siku moja, kwa muuzaji mmoja. Tangi lilijazwa maji ya bomba jioni, samaki wakatiwa usiku huo huo, wakapewa chakula kwa ukarimu. Hadi kufikia siku ya sita alikuwa amebaki mmoja. Maji yalikuwa maangavu kabisa, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

Samaki hutoa taka zenye amonia kupitia kwenye matamvua na kinyesi, na chakula kinachooza hutoa amonia pia. Ziwani taka hizo hupotelea katika maji mengi yasiyo na kifani, lakini ndani ya tangi la lita 60 hazina pa kwenda. Wanaoziondoa ni bakteria wa aina mbili: wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia ikiwa si nyingi. Bakteria hao huota kwenye sifongo la chujio, kwenye mchanga na kwenye vioo. Tangi jipya hawamo. Huchukua majuma 4 hadi 6 kuongezeka kiasi cha kutosha.

Kwa samaki wa Tanganyika hatari hiyo ni kubwa zaidi, na sababu yake haitajwi mara nyingi madukani. Maji ya ziwa hilo yana alikali nyingi, kipimo chake cha pH kikiwa kati ya 8.5 na 9.2 hivi. Samaki anahitaji maji ya namna hiyo, lakini ni maji hayo hayo yanayoinolea amonia makali. Katika joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika umbo lenye sumu kali, ilhali kwenye pH 9 kiwango hicho huzidi theluthi moja. Kosa ambalo samaki wa mito ya maji laini angelivumilia kwa siku kadhaa, huyu humuua kwa muda mfupi.

Kwa hiyo tangi liandaliwe mwezi mmoja au zaidi kabla ya samaki kununuliwa. Chujio liwashwe, na kila siku kitiwe chakula kidogo sana cha samaki ili kioze na kuwalisha bakteria. Mwenye rafiki aliye na tangi la zamani na lenye samaki wazima aombe kipande cha sifongo cha chujio lake, kwani bakteria watakaokuja nacho hufupisha kazi. Vipo vipimo vya matone vya kupima amonia na nitriti. Vyote viwili vikisoma sifuri, ilhali nitrati inaonekana, tangi liko tayari.

Maji ya bomba hutiwa klorini, ambayo huchoma matamvua ya samaki na kuua bakteria wale wale wanaotafutwa. Yawekwe katika ndoo wazi kwa saa 24, au zaidi, kabla ya kutumiwa. Ikiwa dawa iliyotumika ni kloramini, ndoo haitasaidia, na itabidi itumike dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Maji ya mvua, ambayo wengi huyaona kuwa safi kuliko yote, hayafai yakiwa peke yake kwa kuwa hayana madini. Maji ya visima vya pwani yenye ladha ya chumvi nayo yasidhaniwe kuwa sawa na ya Tanganyika, kwani chumvi ya bahari na chokaa ni vitu viwili tofauti.

Njia rahisi ya kuyapa maji chokaa ni kuchanganya mchanga na vipande vya mawe ya chokaa. Mchanga wa ufukweni unafaa ukioshwa mara nyingi kwa maji baridi hadi chumvi iishe. Uwe laini na kina chake kifike sentimita 5, maana samaki hawa ni wachimbaji hodari. Huubeba mchanga kwa vinywa, wakauhamisha huku na kule mpaka gamba lizame na kubaki mlango tu. Mwenye kupenda bustani ya majani iliyopangwa vizuri ndani ya tangi atafute samaki wengine.

Magamba ya Neothauma si rahisi kuyapata mbali na ziwa. Badala yake yanatumika magamba matupu ya konokono wa bustanini, yenye urefu wa sentimita 4 hadi 5, yaliyochemshwa vyema na kusafishwa ndani. Kauri hazifai kwa sababu mlango wake ni mwembamba mno, na magamba marefu yaliyochongoka huweza kumnasa samaki. Wekeni magamba 2 au 3 kwa kila samaki, la sivyo watapigana.

Kundi la samaki 6 hadi 8 linatosha kuanzia kwa tangi la lita 60, lenye urefu wa sentimita 60. Ikumbukwe kwamba tangi hilo, pamoja na mchanga na vioo, litakaribia kilo 80, na si kila meza ya sebuleni itakayolihimili. Wasichanganywe na samaki wakubwa. Anayenunua na aulize iwapo samaki walizaliwa tangini au walivuliwa ziwani. Waliozaliwa tangini hupendekezwa zaidi, maana wamekwisha zoea maisha hayo.

Joto linalowafaa ni nyuzi 24 hadi 27. Nairobi, Arusha au Mbeya kifaa cha kupasha maji kitahitajika. Dar es Salaam na Mombasa shida ni ya upande wa pili: katika miezi ya joto maji hupita nyuzi 30, na maji ya moto hushika hewa kidogo. Tangi likae mbali na dirisha la jua, na feni ielekezwe juu ya maji. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, acheni kuwalisha, kisha choteni maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda.

Chakula chao ziwani ni wadudu wadogo sana wa majini. Tangini hula chakula cha vipande kilichosagwa kwa vidole, mara mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha katika dakika 2. Hupenda mno viluwiluwi wachanga wa mbu, ingawa mfugaji atakayeweka ndoo ya kuwazalisha uani atakuwa akiwafuga mbu wa jirani zake pia.

Kila juma robo ya maji ibadilishwe, na sifongo la chujio lisuuzwe ndani ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba.

Mambo yakienda sawa, hakuna kitu cha ziada cha kufanya ili wazaane. Jike hutaga mayai ndani kabisa ya gamba, dume huyarutubisha akiwa mlangoni, na baada ya siku 10 hivi vifaranga vyenye ukubwa wa punje ya mchele huanza kuchungulia. Wazazi hawavifukuzi hata vikikua. Tangini mwa mwandishi, kundi la pili, lililoingizwa baada ya majuma 6 ya kusubiri, sasa lina vizazi vitatu vinavyoishi pamoja kwenye rundo moja la magamba.