Wanawake wa upanga: karatasi ndiyo iliwatenganisha, si vita

Katika BD za Marekani, mashujaa hawaishi wote katika ulimwengu mmoja. Wonder Woman, Superman na Batman ni wa nyumba ya DC. Storm, Valkyrie na Spider-Man ni wa nyumba ya Marvel. Nyumba hizo mbili zimeshindana kwa miaka mingi, kila moja ikitafuta wasomaji walewale. Na tangu zamani wapenzi wa vitabu hivyo wanauliza: siku Wonder Woman na Red Sonja watasimama mgongo kwa mgongo, kila mmoja na upanga wake mkononi, ni adui gani atawaweza?

Linaonekana kuwa swali la watoto. Lakini ukifuata historia ya wanawake hao, unakuta kwamba mara nyingi kilichowatenganisha ni mkataba. Na anayeamua kama watakutana si yule anayewachora.

Sababu yake si ngumu. Kwa muda mrefu, mwandishi na mchoraji wa BD nchini Marekani walilipwa kwa ukurasa. Wakishapokea pesa yao, shujaa alibaki mali ya kampuni. Kwa hiyo shujaa wa nyumba moja hawezi kuingia katika kitabu cha nyumba nyingine mpaka wakubwa wa pande zote mbili wapatane na kutia sahihi.

Wonder Woman ndiye dada mkubwa. Alitokea mwaka wa 1941, akitungwa na William Moulton Marston, mtaalamu wa saikolojia, na kuchorwa na H. G. Peter. Mwanzoni hakujulikana kwa upanga. Silaha zake zilikuwa kamba inayomlazimisha mtu kusema ukweli, na bangili za kuzuia risasi. Upanga ulikuja kumzoea baadaye. Mwaka wa 1996 alionekana nao katika Kingdom Come ya Mark Waid na Alex Ross, na filamu ya mwaka 2017 ikaufanya ujulikane duniani kote.

Red Sonja alitoka njia nyingine. Mwaka wa 1934 mwandishi Robert E. Howard alichapisha hadithi kuhusu jeshi la Waturuki lililouzingira mji wa Vienna mwaka wa 1529. Ndani yake kulikuwa na mwanamke mpiganaji, Red Sonya, mwenye upanga na bastola. Howard alifariki mwaka wa 1936. Mwaka wa 1973, Roy Thomas na mchoraji Barry Windsor-Smith walimchukua mwanamke huyo, wakabadili herufi moja ya jina lake, wakamtoa Vienna na kumweka katika nyakati za kale za Conan. Hapo akawa Red Sonja wa Marvel.

Mashujaa wakubwa wa DC na Marvel walikutana kwa mara ya kwanza mwaka wa 1976, katika kitabu cha Superman na Spider-Man. Kitabu hicho kilionyesha njia ambayo vingine vingi viliifuata. Mashujaa wawili wanapigana kwanza kwa sababu ya kutoelewana, kisha wanagundua kwamba adui yuko mahali pengine, halafu wanaungana. Hakuna nyumba iliyotaka mtu wake aonekane ameshindwa kabisa.

Wanawake walisubiri. Zamu yao kubwa ilikuja mwaka wa 1996, DC na Marvel zilipotoa hadithi ya pamoja ya ulimwengu mbili kupigana. Mapambano matano yaliamuliwa kwa kura za wasomaji, na moja lilikuwa kati ya Wonder Woman na Storm. Storm alishinda.

Storm si mwanamke wa upanga, yeye huamuru mvua na radi. Lakini msomaji wa Afrika ana sababu ya kumjua. Alitungwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka wa 1975. Katika hadithi yake, jina lake ni Ororo, mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, na baba yake ni Mmarekani mweusi. Akiwa mtoto mjini Cairo, ndege ya vita iliangukia nyumba yao. Wazazi wake walikufa, naye akabaki chini ya kifusi karibu na mwili wa mama yake. Tangu siku hiyo anaogopa mahali palipofungwa. Alikua bila wazazi, kisha akatembea safari ndefu hadi nchi ya mama yake. Huyo ndiye aliyechaguliwa na wasomaji mbele ya binti wa malkia.

Katika mpango huohuo wa 1996, nyumba hizo mbili zilichanganya mashujaa wao kwa muda mfupi. John Byrne alitunga na kuchora Amazon, kitabu ambamo Ororo analelewa kisiwani na Malkia Hippolyta, mama wa Wonder Woman, na yeye mwenyewe anakuwa Wonder Woman. Mtoto aliyepoteza kwao alipewa nyumba ya mpinzani wake. Kisha mpango ukaisha, na kila mmoja akarudi kwa mwenye mali.

Mara nyingine wakubwa hawakupatana, na hasara ikawa ya mchoraji. Mwaka wa 1983, George Pérez alikuwa ameanza kuchora kitabu cha kukutanisha JLA ya DC na Avengers ya Marvel. Ofisi mbili zilibishana juu ya hadithi na kazi ikasimama. Pérez huyo ndiye aliyemjenga upya Wonder Woman mwaka wa 1987. Alingoja miaka 20. Kitabu kilitoka mwaka wa 2003, kikiandikwa na Kurt Busiek, na Pérez akajaza kurasa zake mashujaa wa pande zote. Mwisho wa mwaka 2021 alitangaza kwamba ana saratani isiyoweza kutibika. Hapo nyumba mbili zilikubali haraka: mwaka wa 2022 nakala 7.000 zilichapishwa tena kwa faida ya Hero Initiative, shirika linalosaidia watunzi wa BD wenye shida. Pérez alifariki mwezi wa tano mwaka huo.

Red Sonja naye anaonyesha upande mwingine wa jambo hili, kwa sababu yeye alihama. Mwaka wa 1979 alikutana na Spider-Man bila mkataba wowote wa pekee. Wote wawili walikuwa wanachapishwa na Marvel. Roho yake iliingia katika mwili wa Mary Jane, rafiki wa Spider-Man, na wakapigana pamoja na mchawi Kulan Gath. Baadaye Red Sonja hakubaki Marvel, na tangu mwaka wa 2005 anachapishwa na Dynamite. Mwaka wa 2007 alikutana tena na Spider-Man, na adui alikuwa tena Kulan Gath. Ila safari hii nyumba mbili zilipaswa kukubaliana. Watu walikuwa walewale, karatasi ndizo zilikuwa zimebadilika.

Dynamite ilikusanya wengine waliohama kama yeye. Vampirella alikuwa amezaliwa mwaka wa 1969 kwa mchapishaji Warren. Dejah Thoris, binti wa kifalme wa sayari ya Mars, alitoka katika hadithi ya Edgar Rice Burroughs ya mwaka 1912. Mwaka wa 2015 hao wawili na Red Sonja waliwekwa katikati ya Swords of Sorrow, hadithi ambamo wanawake wa ulimwengu mbalimbali wanapewa panga ili kumkabili adui anayewatishia wote.

Mwandishi wake mkuu alikuwa Gail Simone. Kabla ya kuandika BD alikuwa msusi wa nywele. Mwaka wa 1999 alitoa orodha ya wanawake wa BD waliouawa, kuteswa au kunyang'anywa nguvu zao, mara nyingi ili tu shujaa mwanaume apate sababu ya kukasirika na kulipiza kisasi. Orodha hiyo iliwauma wengi, kwa sababu majina yalikuwa mengi na kila msomaji aliweza kuyahakikisha. Baadaye Simone aliandika vitabu vya Wonder Woman, kisha vya Red Sonja. Katika Swords of Sorrow aliwaita waandishi wengine wanawake waandike vitabu vya pembeni. Mwaka wa 2017 akamkutanisha Wonder Woman na Conan, kwa mapatano ya DC na Dark Horse.

Kwa hiyo mikono ileile imeandika panga zote mbili, wa Wonder Woman na wa Red Sonja, lakini kila mmoja katika nyumba yake.

Mwaka wa 2025, baada ya miaka zaidi ya 20, DC na Marvel zilifungua tena mlango. Majina yaliyowekwa kwenye jalada yalikuwa ya wanaume wawili, Batman na Deadpool. Wonder Woman alipewa hadithi fupi ndani ya kitabu, pamoja na Captain America. Wasomaji wanaotaka kumwona na mwanamke mwenzake wa upanga kutoka upande wa pili wanaendelea kuwachora wenyewe, kwenye daftari na kwenye karatasi za shule. Hao hawaombi sahihi ya mtu.