Mzee Marchand: mwanzo mpya akiwa na miaka 67

Vijana wenzangu, baiskeli (wengine tunaiita kinga) wengi humu tunaijua kwa kazi: kuni, unga, madumu ya maji, hata mgonjwa tunambeba nayo. Leo nawaletea historia ya mzee aliyeshindana nayo mpaka alipopita miaka 100.

Robert Marchand alizaliwa Amiens, Ufaransa, tarehe 26 Novemba 1911. Ujanani alipenda sana mashindano, lakini kocha akamwambia aachane nayo, eti ni mfupi mno, hatafika popote. Kweli alikuwa mfupi, kama mita moja na nusu tu. Basi maisha yakampeleka kwingine. Alikuwa zimamoto Paris. Baada ya Vita Kuu ya Pili akaenda Venezuela, akaendesha malori na kulima miwa. Kanada alikata miti. Mwaka 1960 akarudi kwao.

Aliporudi kwenye baiskeli kwa dhati alikuwa na miaka kama 67. Umri huo wengine wanatafuta fimbo ya kutembelea. Yeye alitafuta pampu. Mwaka 1992, karibu anafika 81, aliendesha kutoka Paris mpaka Moscow.

Halafu zikaja rekodi za saa moja, yaani unazunguka uwanjani dakika 60 na wanapima umefika wapi. Mwaka 2012, kule Aigle, Uswisi, alipata kilomita 24.251. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, akafika 26.927. Januari 2017, akiwa na 105, alipata 22.547. Baadaye akasema hakuona bango la dakika kumi za mwisho, la sivyo angeongeza mwendo!

Siri yake ilikuwa nini? Mtaalamu Véronique Billat alimfuatilia kati ya miaka 101 na 103. Mzee aliendesha kama kilomita 5,000 kwa mwaka, yaani wastani wa kilomita 14 hivi kwa siku. Asilimia 80 ya mazoezi ilikuwa polepole, na asilimia 20 tu ndiyo ya kujikaza, akikanyaga pedali haraka zaidi. Uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 13. Alikula matunda na mboga kwa wingi, nyama kidogo, na alilala mapema. Hakuna dawa ya ajabu hapo. Ni kila siku kidogo, bila kukata.

Sisemi tuko sawa naye. Yeye alipotaka kurudi kwao, alirudi. Sisi hatujui lini. Lakini nasikia hapa vijana wa miaka 22 wakisema, "Mimi muda wangu umeshapita, shule ilikatika, basi." Mwingine anaanza kozi ya kushona au ya kompyuta kwa pupa, wiki mbili anachoka, anaacha. Nami niliwahi kuacha hivyo hivyo.

Marchand alifariki Mei 2021 akiwa na miaka 109. Yule kocha aliupima urefu wake tu. Subira yake hakuipima.

Haya, kaka na dada, ni kitu gani ulikiacha njiani? Wiki hii kianze tena, polepole, nusu saa kwa siku. Andika hapa chini ni kipi, tukumbushane.